Jinsi ya kuweka rekodi za ukarabati wa nyumba kwa tarakilishi

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjini Litein, Kaunti ya Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mvua ya mawe si ngeni, methali hiyo humgusa kila mwenye nyumba. Msumari mmoja uliolegea kwenye bati hupenyeza maji yanayoozesha mbao za paa kabla mwenyeji hajatambua.

Wengi hutegemea kumbukumbu ya mzee wa boma. Akiugua au akisafiri, hakuna ajuaye tangi lilisafishwa lini wala fundi yupi alitengeneza nyaya za umeme.

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Programu za majedwali kama LibreOffice Calc na Google Sheets hazilipiwi, na hii ya pili hutumika pia kwenye simu ya mkononi.

Kwanza, zunguka nyumba ukiorodhesha yanayohitaji kuangaliwa: mabati, mifereji ya paa, tangi la maji, choo, dohani ya jikoni, mpira wa gesi, nyaya na betri ya sola. Anza na mambo kumi. Orodha ndefu mno huachwa njiani.

Pili, tengeneza safu saba: A sehemu, B kazi, C tarehe ilipofanywa mara ya mwisho, D idadi ya siku kabla ya kurudiwa, E tarehe ijayo, F gharama, na G jina na simu ya fundi.

Katika E2 andika =C2+D2. Mifereji iliyosafishwa Machi 1, ikipewa siku 90, itakuonyesha Mei 30. Iwapo E itaonyesha nambari tupu, ibadilishe iwe katika muundo wa tarehe. Andika tarehe ukitanguliza mwaka, mfano 2026-03-01, kwani programu nyingine husoma 1/3 kuwa Januari 3.

Tatu, hamishia tarehe za safu ya E kwenye kalenda ya simu ili ikukumbushe. Jedwali lisilofunguliwa halizibi paa.

Panga kazi kwa majira. Januari na Februari, mvua inapopungua, ndio wakati wa kupanda juu ya paa, kupaka rangi penye kutu na kuzibua mifereji kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Kwa mkulima wa majani chai, safu ya gharama humwezesha kujua mapema kiasi cha kutenga bonasi inapolipwa, badala ya kukopa dari likishaanguka.

Mwisho, piga picha risiti na uhifadhi nakala ya jedwali mahali pengine. Mshirikishe pia mtu wa pili, awe mke, mume au mwana anayefanya kazi Nairobi, ili simu ikipotea kumbukumbu za nyumba zisipotee nayo.