Mazembe walingoja miaka 41

Vijana wenzangu, tukitaja Mazembe kila mtu anarukia 2010. Lakini historia yao inaanziaga mbali.

Timu hii ya Lubumbashi ilianzishwa 1939 na watawa Wabenedikto. Ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika 1967, na tena 1968. Fainali ya 1969 ikapigwa na Ismaily ya Misri. Ya 1970 ikafungwa na Asante Kotoko ya Ghana, tena pale pale Kinshasa!

Kombe lile halikurudi mpaka 2009. Waliolishangilia wakiwa vijana walikuwa sasa wazee. Mwaka uliofuata wakalitetea, halafu kule Abu Dhabi wakaichapa Internacional ya Brazil 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia. Inter Milan wakawafunga 3-0, lakini heshima ilibaki.

Kati ya 1968 na 2009 hawakulala. Waliendelea kucheza, na 1980 wakabeba Kombe la Washindi la Afrika.

Sisi kambini tunangojaga pia: karatasi, majibu, siku ya kurudi. Tungoje kama wao, tukiwa uwanjani. Anayesoma, anayeshona, anayefundisha wadogo, huyo anacheza msimu wake.