Majivu yalikitangulia kipimo: asidi na alkali katika nchi ya Kamina

Mwaka 1909, katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa Copenhagen, mkemia Søren Sørensen alipendekeza kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua ni tofauti ya mara kumi. Vitabu vya shule huanzia hapo, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wakipapasa gizani. Nchi ya Waluba kuzunguka Kamina, huko Katanga nchini Kongo, inaupinga mwanzo huo. Chumvi ilikuwa miongoni mwa mali zilizoujenga ufalme wao, na njia mojawapo ya kuipata ilikuwa kuchoma nyasi za mabwawani, kumimina maji juu ya majivu yake, kisha kuchemsha yaliyochujika mpaka yakauke. Maji ya majivu ni alkali kali: huteleza vidoleni kama sabuni, na pH yake mara nyingi hupita 10.

Shambani nako ni hivyo hivyo. Mvua za karne nyingi zimeosha kalisi ya uwanda huu, asidi ikabaki. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini ya udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi. Majivu ya miti huipunguza asidi hiyo. Atasema mtu kwamba moto ulikuwa wa kusafisha shamba tu. Mbona basi Wabemba, majirani wa upande wa Zambia, katika kilimo chao cha chitemene hukusanya matawi kutoka eneo kubwa na kuyachomea kwenye kipande kidogo? Anayetaka kusafisha tu habebi matawi.

Je, kipimo basi ni cha nini? Kinahitajika kwa sababu jicho na ulimi havitofautishi udongo wa 4.5 na wa 5.5, ingawa wa kwanza una asidi mara kumi. Tena majivu huoshwa na mvua baada ya misimu michache, na msitu wa kuchoma unakwisha. Katanga ya wenye migodi haikubahatisha: tangu 1929, kampuni ya migodi ya Union Minière iliyeyusha madini ya shaba kwa asidi ya salfa huko Shituru, Likasi. Mawe ya chokaa ya Lubudi, kwenye reli inayopita Kamina, yakawa saruji, si dawa ya asidi ya mashamba. Idara ya kilimo ya Haut-Lomami, mkoa wa Kamina, ianze na kazi ndogo: ipime udongo wa mashamba, kisha ilete chokaa panapostahili.