Kabila, Mkonge na Taifa: Handeni na Korogwe Chini ya Utawala wa Kikoloni

Husemwa mara nyingi, hata katika mihadhara yetu ya historia ya kanisa, kwamba wakoloni waliikuta Tanganyika ikiwa na makabila zaidi ya 120 yaliyojitenga, na kwamba TANU ndiyo iliyoyaunganisha yakawa taifa moja. Usemi huu una ukweli ndani yake, lakini unaruka hatua moja kubwa. Unachukulia kwamba makabila yalikuwa yamekamilika tangu zamani kama tuyajuavyo leo, yakingoja tu kuunganishwa. Katika makala hii tunakusudia kuupima usemi huo kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe. Ni wilaya jirani, lakini kila moja ilionja ukoloni kwa namna yake. Tunadai kwamba utawala ule ule uliochora mipaka ya kabila katika Handeni ndio ulioyachanganya makabila katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, na kwamba utaifa ulipata nguvu kutokana na mambo hayo mawili kwa pamoja. Kanisa nalo lilishiriki katika yote mawili, na hilo hatuna budi kulisema wazi.

Watu kabla ya mipaka

Wazigua, Wasambaa, Wabondei na Wanguu ni watu wa lugha zinazosikilizana, na wengi wao hujitaja kuwa wana wa Seuta. Hata neno Boshazi, lililoungwa kwa mianzo ya majina Bondei, Shambaa na Zigua, linaonyesha kwamba wenyewe waliona ujamaa huo. Watu walihama, wakaoana, wakabadili jina kufuatana na mahali walipokaa. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni ule wa Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi yanasema alitoka Nguu, katika nchi ya Kilindi iliyokuwa sehemu ya Handeni, akapanda Usambara na kuwa mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Wakilindi kule Vuga. Masimulizi hayo tunayo kwa Kiswahili, kwa sababu Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika Habari za Wakilindi. Kwa hiyo wafalme wa Wasambaa walitoka kwa majirani zao wa ng'ambo ya mto Ruvu, na jambo hilo halikuonekana kuwa fedheha. Vivyo hivyo Kisabengo, Mzigua, aliondoka kwao akajenga boma lake Morogoro.

Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja. Walifuata ukoo wa kikeni, na mamlaka yalikuwa mikononi mwa wakubwa mbalimbali, kila mmoja na watu wake. Mwanahistoria James Giblin, aliyechunguza habari za Uzigua kwa makini, ameonyesha jinsi mamlaka hayo yalivyofungamana na ghala. Mkubwa alikusanya nafaka na mali kwa biashara na pwani, na njaa ilipokuja aliwalisha watu wake. Tusiipambe hali hiyo: waliokosa mlinzi waliwekwa rehani au kuuzwa utumwani. Katika njaa za karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka mabwana zao wakajijengea vijiji kando ya mto Juba. Tutarudi kwao.

Handeni: uchifu usio na ghala

Wajerumani hawakuipata nchi hii bure. Bwana Heri wa Saadani, ambaye mwaka 1882 alikuwa amekwisha kuyashinda majeshi ya Sultani wa Zanzibar, alipigana nao akitegemea Wazigua wa bara, akasalimu amri mwaka 1890, miezi michache baada ya Abushiri kunyongwa Pangani. Kisha ikafuata miaka ya sotoka, nzige na njaa. Juu ya misiba hiyo ikaja kodi ya nyumba mwaka 1898, na maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani, wakiitoza kwa niaba ya serikali. Akida alikuwa na amri na askari, lakini hakuwa na wajibu wa kumlisha mtu. Hapa ndipo tunapoona jeraha kubwa kuliko yote. Wakubwa wa zamani walipokonywa biashara na mapato, na ghala zao zikaisha. Watu walipotawanyika kwa njaa vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o. Na nchi iliyowahi kufuga ng'ombe ikawapoteza.

Waingereza waliitwaa Korogwe na Handeni Juni 1916. Miaka kumi baadaye Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1926. Nia yake, kwa maneno yake mwenyewe na ya maofisa wake, ilikuwa kurudisha mila. Lakini mila ya kuwa na machifu waliopangwa ngazi kwa ngazi chini ya boma haikuwapo Uzigua. Maofisa walitafuta koo zenye haki ya kutawala, wakasikiliza wazee waliokuwa na kesi zao za kale, wakaandika majina. Mazumbe waliopatikana kwa njia hiyo walipewa baraza, hazina na kazi ya kukusanya kodi. Hawakupewa ghala. Zaidi ya hayo, serikali ilipoogopa njaa iliweka vizuizi juu ya biashara ya nafaka na kuwalazimisha watu kulima mihogo, ikiamini kwamba mkulima akiuza mahindi yake atakufa njaa. Njaa za miaka ya 1930 zilikuja hata hivyo. Zumbe alisimama kati ya boma na watu mikono mitupu, na watu walijua. Katika Usambara ambako uchifu ulikuwa na mizizi mirefu ya Wakilindi, ugomvi baina ya machifu na wakulima ulikuwa na historia yake. Handeni hapakuwa na hata heshima hiyo ya kale ya kuuegemea.

Korogwe: kambi za mkonge

Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyofuata reli na mto, Ngombezi, Magunga na mengineyo. Kazi ya kukata majani yenye miiba na kuyachakata katika kiwanda, ambacho wafanyakazi walikiita korona, ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwa tayari kuifanya. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, Wajerumani walianzisha mwaka 1907 kadi iliyomlazimisha mwanamume kufanya kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye kipande cha siku 30 kikawa utaratibu wa kawaida.

Wazigua na Wasambaa walio jirani na mashamba walipendelea kazi ya muda mfupi, ili warudi makwao wakati wa kilimo. Kwa sababu hiyo wenye mashamba walitafuta watu wa mbali, na mwaka 1944 chama chao kiliunda shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kama SILABU. Wakaja Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wanyamwezi, watu wa Songea, Warundi na watu wa Msumbiji. Waliitwa manamba, jina ambalo asili yake ni ile namba waliyopewa. Aghalabu kambi zilipangwa kwa kabila, ili watu wasielewane kirahisi. Lakini mshahara ulikuwa mmoja, mnyapara alikuwa mmoja, na lugha ya kumjibu ilikuwa Kiswahili. Lugha iliyoletwa na misafara, ikakuzwa na shule ya serikali ya Tanga na gazeti lake Kiongozi, ilipata makao makubwa katika kambi hizi.

Mwaka 1957 na 1958 mashamba ya mkonge yalikumbwa na migomo. Wafanyakazi walikuwa wamepata chama chao, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955 lilisimama karibu na TANU. Wenye mashamba waliposema wangependa kuzungumza na wazee wa kila kabila, walikuwa wanaomba kitu ambacho kambi zenyewe zilikuwa zimekivunja. Na yafaa tukumbuke kejeli moja. Septemba 1958 Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano ya kwanza kupiga kura, katika utaratibu wa kura tatu uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sharti lilikuwa kisomo cha darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Manamba hakuwa na hata kimoja. Wale waliokuwa mfano hai wa taifa linalotoka makabila mengi walibaki shambani, na mwalimu na karani wakawapigia kura.

Kanisa pande zote mbili

Wamisioni waligawana nchi. Waanglikana wa UMCA walishika Bondei na Uzigua, wakawa na vituo Korogwe na Kideleko. Wamisionari wetu wa Bethel walishika milima ya Usambara na pwani ya Tanga. Mgawanyo huo ulizuia ugomvi, lakini ulimfundisha Mkristo kwamba dhehebu lake ni la kabila lake. Bethel walitafsiri Agano Jipya kwa Kisambaa, kazi tunayoishukuru mpaka leo. Na lugha iliyoandikwa hupata mipaka ambayo lugha ya kusemwa haikuwa nayo. Upande wa pili, Lutindi, katika Wilaya ya Korogwe, palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla ya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wale walitoka pande nyingi. Hapakuwa na kabila la Lutindi. Na wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, walimu Waafrika walizishika sharika wenyewe. Hiyo ilikuwa shule ya kujitawala miaka mingi kabla ya TANU.

Hata hivyo, TANU ilipoanza mwaka 1954, sisi hatukuwa mstari wa mbele. Katika miji ya mkoa huu Waislamu walitangulia. Wakristo wenye kisomo walikuwa watumishi wa serikali, waliokatazwa siasa tangu mwaka 1953, au walimu wa shule za misioni zilizotegemea ruzuku. Ni sababu za kweli, ila hazitoshi kueleza ukimya wote.

Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Miongoni mwayo yalikuwamo Usambara-Digo, Uzaramo-Uluguru na Ubena-Konde. Majina hayo ya makabila yalipisha majina ya pande za nchi, na Usambara-Digo ikawa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mwaka huo huo serikali ilifuta uchifu. Na Januari yake ilikuwa imemhamishia Sumbawanga kwa amri kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, Victor Mkello, kwa hiyo umoja huo nao ulikuwa na mkono mzito. Leo, inapotolewa hoja ya kugawa dayosisi au kumchagua kiongozi, bado tunasikia vikaoni "watu wa kwetu" wakihesabiwa. Anayesema hivyo hudhani anatetea urithi wa mababu. Mara nyingi anatetea ramani ya mwaka 1926 na mapatano ya wamisionari.

Lakini historia ya Handeni haimruhusu mtu kulidharau kabila pia. Wale Wazigua wa mto Juba walidumisha lugha yao kwa zaidi ya karne moja. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakawekwa Mkuyu katika Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo. Kizigua chao na kile cha wenyeji husikilizana. Serikali iliwapa ardhi, na wengi wao uraia, kwa hoja kwamba mababu zao walitoka hapa.