Saksafoni ikipigwa polepole: mvuto wa baladi za jazi

Tarehe 8 Desemba 1957 kituo cha televisheni cha CBS kilirusha moja kwa moja kutoka New York kipindi cha saa moja kuhusu jazi. Billie Holiday aliimba "Fine and Mellow", bluzi ya polepole aliyoitunga mwenyewe, na miongoni mwa waliompigia walikuwapo magwiji watatu wa saksafoni ya tenori: Coleman Hawkins, Ben Webster na Lester Young. Young alikuwa mgonjwa, na muda mwingi wa kipindi alikaa kitini. Zamu yake ilipofika alisimama akapiga mzunguko mmoja tu, usiofika dakika moja, kwa noti chache. Kamera ikamwonyesha Holiday akimtazama na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesimuliwa jambo analolijua. Young alifariki Machi 1959; Holiday alifuata Julai ya mwaka huohuo.

Wasikilizaji wa vipindi vyetu vya usiku hutuuliza mara kwa mara kwa nini saksafoni inayopigwa polepole inawagusa hata kama jazi nyingine inawachosha. Filamu ya kipindi kile imehifadhiwa, nasi tunaona ni mahali pazuri pa kuanzia jibu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kwetu Afrika Mashariki na Kongo, "Jazz" limekuwa jina la bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, OK Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na muziki wa dansi, na humo saksafoni hujibizana na waimbaji na kuwachangamsha wachezaji. Baladi ya jazi ya Kimarekani ni kitu kingine. Kwa kawaida ni wimbo wa mapenzi, mara nyingi uliotungwa kwa ajili ya jukwaa la maigizo au filamu, unaopigwa kwa mwendo wa mapigo 60 hivi kwa dakika. Mpiga ngoma huweka fimbo chini na kupangusa ngozi kwa brashi za waya. Besi hutembea hatua kubwa kubwa. Anayebaki mbele ni mpiga saksafoni, na hana pa kujificha.

Tunaposema hana pa kujificha, tunamaanisha hivyo hasa. Katika wimbo wa kasi noti moja mbaya hupita kabla sikio halijaishika. Katika baladi noti inaweza kudumu sekunde tatu au nne, na msikilizaji anasikia jinsi ilivyoanza, ilivyokaa na ilivyokufa. Ikitetereka, kila mtu amesikia. Ndiyo maana wanamuziki wengi huona baladi ni mtihani mgumu kuliko nyimbo za mbio.

Chombo chenyewe kinachangia. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji, alipewa hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba nyeupe, lakini sauti huanzia kwenye kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, kwa jinsi inayokaribiana na zumari letu la pwani, ila zumari lina tete maradufu. Mpigaji huongoza sauti kwa midomo, koo na pumzi: anaweza kuikaribia noti kutoka chini, kuipinda, kuitetemesha mwishoni, au kuiacha ichanganyike na hewa mpaka usijue muziki umeishia wapi na pumzi imeanzia wapi. Mpiga piano hawezi kufanya hivyo. Akishabonyeza, noti imekwisha kuondoka mikononi mwake. Isitoshe, sauti ya tenori iko karibu na ile ya mwanamume anayezungumza. Kwa maoni yetu hilo ndilo sikio hulishika kwanza.

Rekodi iliyobadilisha mambo ni ya Coleman Hawkins. Alikuwa amerejea Marekani baada ya miaka mitano Ulaya, na tarehe 11 Oktoba 1939 alirekodi "Body and Soul", wimbo wa Johnny Green wa mwaka 1930. Sauti ya awali ya wimbo anaigusa mwanzoni tu, kisha anaiacha na kujenga yake juu ya mfuatano uleule wa kodi, mizunguko miwili, bila mwimbaji. Ajabu ni kwamba santuri hiyo, iliyokuwa ngumu kuifuatisha hata kwa mluzi, ilinunuliwa sana na watu wa kawaida.

Hawkins hakwenda polepole kama watakavyokwenda wenzake baadaye, na sababu moja ni ya kifundi. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kwa upande. Wimbo wa vipimo 32, wenye mapigo manne kila kimoja, ukiupiga kwa mapigo 60 kwa dakika, mzunguko mmoja unamaliza dakika mbili na kidogo. Ukianza wa pili, nafasi imekwisha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu zenye zaidi ya dakika 20 kwa upande, na baladi ikapata nafasi ya kupumua.

Lester Young alikuwa na msimamo ambao wapigaji wengi waliurithi: usipige baladi kama hujui maneno yake. Dexter Gordon alikuwa akiyasema maneno ya wimbo kwa hadhira kabla ya kuweka saksafoni mdomoni. Mtu anayejua maneno anajua sentensi inaishia wapi, neno gani linahitaji uzito na wapi avute pumzi. Asiyeyajua hupiga noti sahihi zilizopangwa vibaya, kama msomaji anayesoma lugha asiyoielewa. Msikilizaji wa Kiswahili huenda hajui neno hata moja la wimbo wa asili, na bado anahisi kwamba kuna kitu kinasemwa.

Lakini tukilazimishwa kuchagua mpigaji mmoja wa baladi, tutamchagua Ben Webster. Alizaliwa Kansas City mwaka 1909, akapita kwenye bendi ya Duke Ellington mwanzoni mwa miaka ya 1940. Huko alikaa karibu na Johnny Hodges, bingwa wa alto aliyeteleza kutoka noti hadi noti kama mafuta. Katika nyimbo za kasi Webster aliweza kunguruma kwa ukali. Kwenye baladi alikuwa mtu mwingine: noti inaanza laini, inavimba, halafu inaisha kwa hewa tupu.

Septemba 1956 alirekodi na mpiga piano Art Tatum, aliyekuwa karibu kipofu kabisa na mwenye vidole vya kasi isiyo ya kawaida. Tatum anamwaga noti kama mvua ya masika. Webster hashindani naye. Anauimba wimbo karibu kama ulivyoandikwa, kwa noti ndefu, na kuacha mvua inyeshe pembeni yake. Tatum alifariki Novemba ya mwaka huohuo. Webster alihamia Ulaya mwaka 1964, akafia Amsterdam mwaka 1973, na kaburi lake liko Copenhagen.

John Coltrane, anayejulikana zaidi kwa muziki mkali, naye alikuwa na upande huu. Mwaka 1961 baadhi ya wahakiki walimshutumu kwamba anaiharibu jazi. Albamu yake "Ballads", iliyotoka mwaka 1963, inasikika kama mtu aliyeketi na kuteremsha sauti. Sisi tunapenda zaidi "Naima" ya Desemba 1959, iliyopewa jina la mkewe, mwanamke Mwislamu. Besi inashikilia noti chini karibu wimbo mzima huku kodi zikibadilika juu yake. Coltrane anapiga wimbo mwanzoni, anampisha Wynton Kelly kwenye piano, anarudi kuupiga mwishoni. Hakuna madoido yoyote ya saksafoni, na hii ni kutoka kwa mtu aliyekuwa na noti nyingi kuliko karibu kila mtu wa zama zake.

Kuna saksafoni nyingine ya polepole ambayo huwekwa kwenye kumbi za hoteli na kwenye simu unaposubiri kuhudumiwa. Watu huichanganya na hii, wakadhani baladi ni muziki wa kusindikizia chakula. Ile imesafishwa mpaka hakuna kinachoweza kuharibika ndani yake. Kwa Webster unasikia kila mara kwamba noti inaweza kuvunjika.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni asikilize Webster na Tatum kwanza, kisha "Naima", halafu arudi kwa Hawkins wa mwaka 1939. Atumie visikizi vya masikioni au redio yenye spika nzuri. Kwenye spika ndogo ya simu noti zitafika zote, ila ile pumzi ya mwisho ya Webster haitasikika.