Kielelezo

Neno hili limetoka kwenye kitenzi "eleza". Shuleni, kielelezo ni mchoro au mfano. Mahakamani ni ushahidi unaowekwa mezani. Kwa wanahisabati wa magonjwa, ni milinganyo inayoeleza jinsi maambukizi yanavyosambaa siku hadi siku. Mwaka 1927 wanasayansi Kermack na McKendrick waliwagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliopona au kufa. Milinganyo yao hufuatilia kasi ya watu kuhama kundi moja kwenda lingine.

Tangu aina mpya ya ugonjwa wa mpox ilipoanza kuenea katika mji wa Kamituga mwaka 2023, hesabu hiyo inatuhusu sisi wa Walungu, tulio kwenye barabara ya kutoka huko kwenda Bukavu. Kila mgonjwa akiambukiza wawili, wanakuwa wanne, kisha wanane. Wastani wa watu anaoambukiza kila mgonjwa ukishuka chini ya mmoja, mlipuko huzimika.

Wastani huo hukadiriwa kutokana na daftari la kituo cha afya: vipele vilianza lini, nani alimgusa mgonjwa. Tarehe ikikosewa, kielelezo kinapotosha. Kwa hiyo muuguzi anayeandika kwa uangalifu anastahili kuheshimiwa, na kulipwa kwa wakati.