Maji ya ziwa, shaba na bati: rejeta za Goma

Goma iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, lenye kina cha zaidi ya mita 450, na bado ni mji wa kubeba maji. Mvua yetu si haba, lakini haikai juu ya ardhi. Jiwe la volkano limejaa vitundu na nyufa, linaimeza yote, na hakuna mto hata mmoja unaokatiza mjini. Bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, likikauka tunarudi ziwani na bidoni kama walivyofanya wazee, kisha bidoni hizo zinapandishwa kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao, au kwa pikipiki hadi mitaa ya Majengo na Ndosho. Maji hayo ndiyo tunayopikia na kufulia, na ndiyo yaliyomiminwa kwenye rejeta za magari ya mji huu miaka nenda miaka rudi. Anayetaka kujua kwa nini mafundi wa Goma walikuja kuwa hodari wa kuziba rejeta aanzie hapo.

Maji ya Kivu hayafanani na ya kijito cha mlimani. Chemchemi zinazotoka kwenye miamba ya volkano huingia chini ya ziwa zikiwa zimebeba chumvi na madini, na hata maji ya juu yana ugumu wa magadi, pH karibu 9. Tazama sufuria ya chai ya mama yeyote anayechota ziwani: ndani ina ukoko mweupe. Ukoko wa namna hiyo hujijenga pia ndani ya mirija ya rejeta. Njia ya maji inazidi kuwa nyembamba, joto linabaki kwenye injini, na siku moja mshono ulio dhaifu kuliko yote unaachia.

Tena tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kile kilichogongwa namba 0.9, kikiwa kizima, hubana shinikizo hadi maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 115. Mpira wake ukioza umerudi kwenye 95, wakati termostati ya Toyota nyingi ndiyo kwanza inafunguka kwenye 82. Watu wanasema gari linavuja, kumbe linapumua kwa mdomo wa kifuniko kilichokufa. Nimeona rejeta zikishushwa bure kwa ajili hiyo, na fundi akalipwa.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori, Mercedes yenye pua ndefu, katika njia ya Goma hadi Butembo. Alipanda na chumvi, sabuni na makasha ya bia, akashuka na maharagwe na viazi vya Lubero. Adui wa njia hiyo alikuwa mwinuko wa Kabasha. Unatoka tambarare ya Rwindi ndani ya Hifadhi ya Virunga, karibu mita 1,000 tu, jua la mchana linakuchoma, kisha barabara inaukabili mlima moja kwa moja kuelekea Kanyabayonga. Lori limejaa, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, upepo hauingii. Hapo ndipo sindano ya joto ilipopanda. Utingo alikuwa na kazi moja ya heshima kuliko kuweka jiwe nyuma ya gurudumu: kulinda bidoni za maji. Zikiisha chini kule Mabenga, mto Rutshuru upo, lakini una viboko, na baba hakumruhusu mtu kuchota maji penye viboko jioni.

Enzi hizo rejeta ilikuwa mirija ya shaba nyekundu na vichwa vya shaba ya njano, imeunganishwa kwa bati lililochanganywa na risasi. Ikitoboka inachomelewa, na ikichoka vichwa vinafunguliwa, mirija inasafishwa kwa waya, inafungwa tena. Rejeta moja iliweza kuishi kuliko lori lake. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zingekabidhiwa Wazairwa. Maduka ya Wagiriki na Wahindi yaliyokuwa yakiagiza vipuri yakapewa watu ambao wengi wao hawakujua kuagiza hata msumari, na rafu zikabaki na vumbi. Waliobaki na magari walibaki na kile tulichokiita ibara ya 15: jitafutie mwenyewe. Kwa upande wetu, ibara hiyo iliandikwa kwa bati na makaa.

Ufundi huu nilijifunza mtaani Birere, hapa Goma, kwa mzee mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa rejeta. Aliziba midomo ya rejeta kwa vipande vya tyubu, akaizamisha kwenye pipa lililokatwa nusu, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Hakutazama mapovu tu. Alitia mkono majini na kuyafuata kwa vidole, kwa sababu povu hupanda kwa kupinda na jicho hudanganyika. Tundu likipatikana alilikwangua kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae. Dawa ya kusafishia aliitengeneza mwenyewe: asidi ndani ya chupa, akadondoshea vipande vya zinki alivyovikata kwenye betri kuukuu za tochi, akasubiri vikome kutoa moshi. Chuma cha kuchomelea, kichwa chake cha shaba, kilikaa kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Alikijua kimeiva kwa rangi ya moto unaokizunguka. Bati likigusa mahali penye joto sahihi linatambaa lenyewe na kuingia kwenye ufa. Likijikusanya kama shanga, anza upya. Mzee hakuwahi kusifu kazi ya mwanafunzi. Aliirudisha rejeta kwenye pipa, akapuliza, na kama maji yalitulia aliondoka kwenda kunywa chai.

Nyumbani na njiani palikuwa na tiba nyingine. Yai lilisifika: unamwaga ute mweupe kwenye maji ya moto, unaganda, mkondo unaupeleka kwenye tundu na shinikizo linaukandamiza pale. Wengine walitumia pilipili manga ya unga, wengine manjano, na tumbaku pia nimeisikia. Wenye elimu huwacheka, lakini dawa za kopo zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa kanuni ileile ya chembe kukwama penye upenyo. Kasoro yake pia ni ileile. Chembe haijui tundu ni lipi na mrija ni upi. Kwenye rejeta ambayo tayari imebanwa na ukoko wa ziwa, yai ni la kukufikisha Kanyabayonga, halifai kukaa wiki. Na harufu yake, Mungu tusaidie.

Julai 1994 wakimbizi wapatao 800,000 kutoka Rwanda waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu, na sababu mojawapo ilikuwa lile jiwe letu: huwezi kulichimba choo, haliweki maji. Malori ya maji yakawa yanapanda kutoka ziwani mchana na usiku. Mashirika yalikuja na Land Cruiser na gereji zao, na vijana wa mji waliopata kibarua mle walikutana na kitu ambacho wengi wetu tulikidharau, maji ya rejeta yenye rangi. Tulidhani ni dawa ya nchi za barafu. Kumbe kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na ukoko, na kusogeza mbele kiwango cha kuchemka.

Somo hilo lilikuja wakati wake, maana magari yenyewe yalikuwa yanabadilika. Toyota zilizotumika zilizoanza kujaa mjini zilikuwa na rejeta za alumini zenye vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa meno. Bati halishiki juu ya alumini kwa mbabula. Plastiki nayo haichomelewi. Halafu alumini huliwa na maji ya magadi, yaani maji ya ziwa letu hasa. Matundu yakawa madogo kama ncha ya sindano, mengi, kila upande. Wazee wa bati walianza kukosa kazi, na vijana wakashika gundi ya Araldite. Kijana mmoja wa mtaa wa Katindo nilimlaumu kwa kupaka gundi juu ya gundi, nikamwambia barabara zetu za mawe ndizo zinazopasua vichwa vya plastiki. Akanijibu, “Papa, ni maji njo inaua radiatere, haiko barabara.” Nadhani tuko sahihi wote wawili, ila yeye alikuwa sahihi zaidi.

Mawe hayo tuliongezewa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Gereji za katikati ya mji ziliungua na vifaa vyake, mapipa, vyuma na yote. Barabara zilifunguliwa upya juu ya lava yenyewe, na kwa muda mrefu kuendesha gari mjini kulikuwa kama kuendesha juu ya chupa zilizovunjika. Mlima ulirudia tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye serikali ya mkoa iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, na umati mkubwa ukaelekea Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi, gari nyuma ya gari kwa mwendo wa kobe. Ilikuwa maonyesho ya uvujaji wote wa Goma kwa siku moja. Taksi zilisimama kando ya barabara boneti zikiwa wazi, moshi wa mvuke ukipanda, watu wakitafuta maji ya kumimina wakati hata ya kunywa hayakutosha, kwa kuwa lava ilikuwa imeharibu tangi kubwa la maji la Buhene. Nilimzuia baba mmoja aliyekuwa ameshika kitambaa tayari kufungua kifuniko injini ikiwa bado inanguruma. Alikasirika, akasubiri, na uso wake ukabaki mzima.

Watu huniuliza kama maji ya mvua si bora kuliko ya ziwa. Kwa kawaida yangekuwa bora, lakini moshi wa Nyiragongo huifanya mvua ya upande wa Rusayo kuwa na asidi inayokula hata mabati ya paa. Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango, kwa hiyo rejeta mpya ikawa ndoto kwa wengi, na ufundi wa kuziba ukarudi kwenye heshima yake. Chuma cha kuchomelea hakina budi kurudi pia, kwa malori ya zamani ambayo bado yana shaba.

Wewe unayeona doa chini ya gari lako asubuhi, usianze na yai wala gundi. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile ya zamani, ukifunge injini ikiwa baridi kabisa. Kisha kaza kola za mipira yote na uibonyeze mipira yenyewe. Iliyo laini kama ndizi mbivu itupwe. Angalia chini ya pampu ya maji kama pana mfereji wa kutu. Rejeta iwe ya mwisho kushushwa, na ukishaiziba, maji ya ziwa usiyarudishe ndani.