Vim: Kihariri Kilichobeba Jina la Uganda

Agosti 3 ni kumbukizi ya Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki mwaka 2023 na kuacha Vim, kihariri cha maandishi ambacho hadi leo walimu wa kompyuta wanakibishania: mwanafunzi aanze nacho, au aanze na VS Code ya Microsoft, iliyotoka 2015 na menyu zake?

Ubishi wa vihariri ni wa tangu zamani. Mwaka 1976, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga vi, mzazi wa Vim. Mwaka huohuo Emacs ilizaliwa MIT mikononi mwa Richard Stallman na wenzake, na kambi mbili zikaundika. Joy amewahi kusimulia kwamba wenzake wa MIT walikuwa na mitambo ya kasi, wakati yeye alifanyia kazi nyumbani kwa modemu ya baud 300. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya ADM-3A aliyoitumia ina mistari 24 ya herufi 80. Kuijaza yote kulichukua zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana amri za vi ni fupi mno: x hufuta herufi, dd hufuta mstari. Kwenye kibodi ya ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l, na Esc ilikaa jirani na Q, kidole kinapofika bila shida. Baadaye Esc ikahamishiwa pembeni juu. Amri zikabaki zilezile. Anayeanza huhangaika, akajiona hana akili, kumbe anapambana na kibodi ya miaka ya 1970. Kumfundisha Vim bila kumweleza hayo ni kumwonea.

Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991, kwa kompyuta ya Amiga. Mwaka 1994 alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi. Vim akaendelea kuigawa bure, akimwomba anayeipenda awachangie watoto hao. Ombi likawekwa kwenye ukurasa wa kufungulia, na kwa miaka mingi watu wa Tokyo na Berlin walisoma jina la Uganda kabla ya kuandika chochote. Inasikitisha kwamba sisi majirani hatulitaji.

Vihariri huja na kuondoka: Atom ya GitHub ilikuja 2014, ikafungwa Desemba 2022. Mgeni na aanze na VS Code, lakini siku atakapoingia kwenye seva ya Linux, huenda atakachokuta ni vi tu. Ajue basi: i kuandika, Esc kuacha kuandika, :wq kuhifadhi na kutoka, :q! kutoka bila kuhifadhi.